Kiboko Aliyecheka wa Pi Mor

Katika meza yangu ya zamani, droo ya chini ile inayokwama, nimeacha gunzi la mahindi. Msilitupe. Najua aliyehamia pale ni kijana msafi na atadhani ni mabaki ya chakula changu cha mchana, lakini gunzi lile limefanya kazi kuliko baadhi yetu. Ndilo lililotia ngozi kwenye kila mamba wa saruji aliyetoka mikononi mwangu. Ukiliviringisha juu ya saruji mbichi, polepole, bila kukandamiza, unapata magamba ambayo hakuna mashine yenu inayoweza kuyatoa. Ukikandamiza unapata mahindi.

Mwezi uliopita mlinikatia keki mkanipa na saa ya ukutani, ili nijue vizuri ni saa ngapi sasa ambapo sina pa kwenda. Nashukuru. Mkaniomba nisimame niwaeleze kazi ilivyokuwa zamani, nikasimama, nikakaa tena. Basi nimeandika. Vyeo na mishahara sitavitaja, hayo yako kwenye faili na hayajawahi kumfurahisha mtu. Nataka kuwaeleza nilivyoingia katika kazi hii ya kupamba mahali pa kuogelea, na habari za kiboko mmoja niliyeshiriki kumtengeneza nikiwa msichana. Katika mabwawa yote niliyofanya baadaye, na mengine mmeyaona ni makubwa na yana mitelezo mirefu kama barabara, hakuna siku nilichora mnyama bila kumkumbuka yeye.

Mimi ni mzaliwa wa Takawiri, kisiwa kidogo ambacho ukimwita mtu upande huu, wa upande ule anaitika. Baba alikuwa mvuvi na mama alikuwa mfinyanzi. Kila baada ya majuma kadhaa tulivifunga vyungu kwa nyasi, tukavipakia kwenye boti ya abiria na kwenda kuviuza soko la Homa Bay. Ilikuwa mwaka uliofuata Uhuru, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekaa nyuma ya vyungu vyetu nikipigwa na jua, mwanamume mmoja mfupi akasimama mbele yetu. Suruali yake ilikuwa nyeupe kwa saruji na kichwani alivaa kofia nzuri ya manyoya ambayo haikulingana kabisa na suruali. Alichukua chungu kimoja, akakipindua, akakipitishia kidole gumba kwenye kitako.

"Nani ametengeneza hii?"

Mama akanionyesha kwa midomo.

"Huyu msichana? Hii chungu yake haina mahali imeanzia." Akakirudisha chini kwa uangalifu. "Mama, mimi sitaki chungu. Nataka hii mikono yake."

Mama alidhani anachumbia. Alimtazama kutoka kofia mpaka viatu, akaishia kwenye viatu. Ilibidi mwanamume yule aeleze haraka kwamba yeye ni Fundi Marwa, anatoka Kegonga, ana mke na watoto huko, na anajenga mahali pa kuogelea hapo Homa Bay, karibu na ziwa, ambapo anahitaji mtu wa kumsaidia kutengeneza wanyama wa saruji. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuza chungu pia.

Mwenye mahali hapo alikuwa Mzee Okelo, mfanyabiashara wa Migori. Wakati wa ukoloni alikuwa mhudumu katika klabu ya Wazungu iliyokuwa na bwawa, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kubeba taulo. Aliniambia kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kuruhusiwa kutumbukiza hata kidole cha mguu. Uhuru ulipokuja alikuwa amekwisha kununua kiwanja. Mahali hapo alipaita Pi Mor, yaani maji ya furaha kwa Kiluo. Palikuwa na bwawa moja tu, lenye upande wa chini wa watoto na upande wa kina wa wakubwa, hatua kama mia mbili kutoka ziwani. Pampu ilivuta maji ya ziwa, yakachujwa kwenye tangi la changarawe na mchanga, na kila Jumatatu bwawa zima lilimwagwa likasuguliwa.

"Nataka mtoto akiingia kwa hii geti asahau kwao," Mzee Okelo alituambia siku ya kwanza. "Hata kama kwao ni hapo tu nyuma ya duka."

Siku yangu ya kwanza nilipewa kazi ya kufinyanga samaki mmoja wa saruji, ngege wa ukubwa wa sufuria, ili Fundi aone mkono wangu. Nilimtengeneza vizuri kweli. Magamba niliyapiga kwa ncha ya kijiko, moja moja. Kisha nikafanya kama mama alivyonifundisha tangu nikiwa mdogo: nikamweka kivulini akauke kwa siku tatu, nikakusanya nyasi na samadi kavu, nikamfunika na kumchoma. Alipasuka kwa kishindo ambacho kiliwatoa waashi wote kwenye chai. Kipande cha mkia kilipatikana juu ya bati la choo.

Fundi Marwa alikuja akatazama moshi, akanitazama mimi. Nilikuwa tayari nimeanza kufunga mzigo wangu.

"Udongo inataka moto," akasema. "Simiti inataka maji. Utainywesha maji wiki mzima kama mtoto mgonjwa. Haya, tengeneza ingine."

Hakucheka hata kidogo, na nilimpenda kwa sababu hiyo. Waashi walicheka mpaka Krismasi. Kwa miaka mingi waliniita Jachom, mchomaji, na wawili wao walikuja na jina hilo hadi kwenye harusi yangu.

Yaliyofuata niliyasoma kwake, nanyi mmeyasoma kwangu bila kujua yalikotoka. Mchanga usitoke ziwani, una tope laini na makombe. Wetu uliletwa na lori kutoka mto wa Migori na bado tuliuosha. Mifupa ya mnyama ni vyuma, nyama yake ni wavu wa waya wa kuku, na saruji ni ngozi tu, kwa hiyo mifupa ikikosea hakuna ngozi itakayoificha. Bomba lisionekane. Kama maji lazima yatoke mahali, yatoke katikati ya matete ya saruji, mtoto adhani ziwa lenyewe limeingia. Mtelezo ukishakauka unaupitishia shavu lako kutoka juu mpaka chini, kwa sababu kiganja cha fundi ni kigumu na hakisikii kitu, bali shavu husikia kila chembe. Wengi wenu mmeniona nikiwa mama mtu mzima, na suti yangu, nimelala kifudifudi kwenye mtelezo wa mteja nikiusugua kwa shavu. Sasa mnajua.

Na zaidi ya yote, kazi ya bwawa hutazamwa kutoka majini. Kila jioni kabla ya kuosha mwiko, Fundi alinifanya nishuke kwenye bwawa tupu, nichuchumae mpaka niwe na kimo cha mtoto wa miaka mitano, nitazame juu. Naye angechuchumaa kando yangu. Halafu angesema neno lake, "Bado." Hakuwahi kusifu kitu. Kazi ikiwa mbaya alisema bado, ikiwa nzuri alisema bado. Waashi waliniambia kwamba kuna neno jingine, imeisha, na kwamba mmoja wao aliwahi kulisikia huko misheni, lakini wengine walimbishia.

Misheni ndiko Fundi alikojifunza. Kwa miaka mingi kabla ya Pi Mor alikuwa akitengeneza sanamu za watakatifu, na mkono ukizoea haukubali kusahau. Wanyama wake wote walikuwa na nyuso za upole. Korongo wake alikuwa ameinamisha kichwa kama anayeungama. Hata mamba, kabla sijampitishia gunzi, alionekana kama amepokea habari njema. Mimi nilicheka kimoyomoyo, lakini nilivutiwa pia, kwa sababu ule upole ulikuwa ni wake mwenyewe na ulipita moja kwa moja kwenye saruji.

Mnyama mkubwa kuliko wote alikuwa kiboko. Alikuwa akae ukingoni upande wa watoto, na mtelezo utoke kinywani mwake, ulimi mwekundu mrefu unaoshuka majini. Watoto wangepanda ngazi nyuma ya shingo, waingie kichwani na kutokea mdomoni. Tulifanya kazi hiyo miezi minne. Na katika miezi hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Fundi Marwa alikuwa akiimba. Aliimba nyimbo za kwao Kuria, kwa sauti ya chini, akiwa ndani ya kichwa cha kiboko na miguu yake tu ikionekana.

Siku alipoweka mdomo wa juu nilisimama chini nikiwa na ndoo ya saruji mkononi, nikatazama juu. Kinywa kilikuwa wazi kabisa, na pembe za midomo alikuwa amezipandisha. Kiboko alikuwa anacheka. Alikuwa mzuri, siwezi kusema uongo, mzuri mpaka waashi waliacha kazi wakaja kumtazama.

Lakini mimi ni mtu wa Takawiri. Baba yangu mdogo alikufa majini, mtumbwi wake ukiwa umekatwa vipande viwili, na wenzake waliookoka walisema jambo moja tu: kiboko alifungua kinywa, wakadhani wana muda. Kwetu mtoto anajua hilo kabla ya kujua kuvaa viatu. Kiboko akifungua kinywa anakuonyesha meno, anakuambia uondoke, na hatakuambia mara ya pili. Nilijua kwamba tunatengeneza uongo, na kwamba tunautengeneza hatua mia mbili kutoka kwa viboko wa kweli.

Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba mimi ni mgeni kazini, tena msichana, na kwamba mtu hamsahihishi mzee mbele ya waashi. Baadaye, tulipokuwa peke yetu, nilijiambia kwamba ni saruji tu. Ukweli ni kwamba alikuwa akiimba, nami sikutaka aache.

Pi Mor ilifunguliwa kwa ngoma na soda. Watoto walimpa kiboko jina siku hiyo hiyo, Kwaro, yaani babu, kwa sababu ya ile midomo. Walimsalimia wakiingia na kumuaga wakitoka. Sifa zake zilienea. Wafanyabiashara wa ng'ombe kutoka Ogwedhi walizunguka njia ndefu waje kumwona, wakasimama ukingoni na fimbo zao, nguo zote mwilini, wakasema aliyeumba kitu hiki hana shida duniani. Mzee Okelo alijenga kibanda cha chai. Fundi alichuchumaa majini siku ile ya ufunguzi, akamtazama Kwaro kwa muda mrefu, akasema, "Bado."

Kisha mvua zikanyesha kama zilivyonyesha miaka ile, na ziwa likapanda. Wazee wanakumbuka. Mafunjo yalisogea, nyasi za ufukweni zikawa maji, na zile hatua mia mbili zikawa chini ya hamsini. Sehemu ya ua wetu upande wa ziwa ilianguka, nguzo zikaelea. Tulipanga kuirekebisha juma lililofuata.

Langoni kwetu alikaa mama mmoja aliyetoza kiingilio, tulimwita Min Atieno, mama yake Atieno. Alikuja na binti yake huyo kila siku kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Atieno alikuwa hajafika umri wa shule. Alikuwa rafiki mkubwa wa Kwaro. Kila alasiri alimletea kipande cha mkate, akamwekea mdomoni, na mimi kila asubuhi nilifagia makombo yale.

Alasiri ninayoizungumzia mawingu yalikuwa yamelifunika ziwa tangu asubuhi na hakukuwa na muogeleaji hata mmoja. Min Atieno alikuwa ndani akikunja taulo. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nikirudia rangi ya korongo. Kutoka juu pale nikamwona Atieno nje, ng'ambo ya ua ulioanguka, na kipande cha mkate mkononi. Mbele yake, hatua kama kumi na tano, palikuwa na kiboko aliyepanda kula nyasi.

Na nyuma ya Atieno palikuwa na ziwa. Kiboko aliye nchi kavu anataka kitu kimoja tu akishtuka, njia ya kurudi majini, na hamuulizi aliyesimama katikati ya njia hiyo kama ni mkubwa au mtoto.

Nilishuka. Sikukimbia, maana ningekimbia naye angekimbia. Nilipita kwenye pengo la ua, nikaja kutoka ubavuni, nikiugusa ukuta wa nyumba ya pampu kwa mkono mmoja ili nijue uko wapi.

"Atieno, bi ka." Njoo hapa.

Hakugeuka. "Kwaro nyiero," akasema. Babu anacheka.

Nikatazama. Kiboko alikuwa amefungua kinywa chote. Niliona meno ya chini, yale marefu, yana rangi ya chai. Nilisikia sauti yangu ikiongea kana kwamba ni ya mtu mwingine, tulivu kabisa, kwa Kiluo, nikimwambia kwamba Kwaro huyu hali mkate, kwamba Kwaro wa mkate yuko ndani na ana njaa. Atieno alifikiria. Watoto hufikiria polepole sana wakati usiofaa. Kisha akasema haya, akaanza kuja kwangu akitembea kiubavu, macho bado kwa rafiki yake. Nilimshika mkono, nikamvuta nyuma ya ukuta wa pampu, na ardhi ikatikisika. Kiboko alipita pale pale alipokuwa amesimama mtoto, akaingia majini na kutoweka. Kipande cha mkate kilikuwa kimedondoka njiani. Tulikikuta kwenye tope, ndani ya unyayo.

Min Atieno alikuwa ametoka na kuona mwisho wake. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye nyasi zilizolowa, akampakata mtoto, akaniuliza, "Ni nani alimfundisha ati anacheka?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka tu kujua. Jibu nilikuwa nalo mimi.

Nilikwenda kumtafuta Fundi Marwa. Alikuwa kwenye stoo akichekecha mchanga. Nilimweleza yote bila kupumzika, halafu nikasema, "Fundi, kiboko ikifungua mdomo haicheki. Inataka kuua."

Akaacha chekecheke. "Ulijua lini?"

"Siku ile uliweka mdomo."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unaimba, Fundi."

Aliosha mwiko wake, ingawa ulikuwa safi. Kwa siku mbili hakuniongelesha, na siku mbili hizo zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Nililala nikijua kwamba mtoto nusura afe kwa sababu ya adabu yangu. Siku ya tatu asubuhi alinijia, kofia mkononi.

"Mimi sijawahi ona kiboko," akasema. "Kwetu Kegonga ni mahindi na ng'ombe. Ile yangu nilitoa kwa kalenda ya duka. Nipeleke nione."

Tulikwenda Takawiri kwa boti ya abiria, na kesho yake asubuhi baba alitutoa kwa mtumbwi. Fundi aliogopa maji kama watu wa nyanda za juu wanavyoogopa. Alikaa chini kabisa sakafuni, ameshika kingo zote mbili.

"Fundi, usisimame," baba alimwambia. "Hii mtumbwi haipendi mtu anasimama."

"Nani amekuambia nataka kusimama?"

Baba alitupeleka mbali kidogo na mafunjo, akaacha kupiga kasia. Akaelekeza kwa kidevu. Fundi alitazama, akatazama tena.

"Iko wapi?"

"Hiyo hapo."

"Hiyo ni nini? Mimi naona masikio tu."

"Basi ndiyo hiyo. Siku ya bahati mtu anaona masikio tu."

Tulikaa pale. Masikio mawili, matuta ya macho, matundu ya pua, na mgongo kidogo uliong'aa kama jiwe lililolowa. Masikio yakatikisika, yakazama, yakaibuka karibu zaidi. Kisha akaibuka wa pili, na huyu wa kwanza akageuka na kufungua kinywa. Baba alianza kurudi nyuma kwa kasia kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Kofia ya Fundi ilianguka majini, na hakuna aliyependekeza tuifuate. Hata yeye hakuigeukia. Alikuwa akitazama kile kinywa mpaka tulipokuwa mbali sana.

Alirudi Homa Bay kichwa wazi, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Okelo kumwambia kwamba Kwaro lazima avunjwe.

"Fundi, umepatwa na nini?" Mzee Okelo alisimama. "Watu wanatoka mpaka Ogwedhi juu ya hiyo mdomo! Weka seng'enge kwa ua, iishe."

"Seng'enge tutaweka. Lakini seng'enge haiwezi kutoa kitu iko ndani ya kichwa ya mtoto. Mimi ndiye niliweka, na mimi ndiye nitatoa."

"Na watu wakiacha kuja?"

"Basi nitarudi Kegonga."

"Na huyu nyathina?" Mzee Okelo alinielekeza mimi. Mtoto wangu, ndivyo alivyoniita tangu mwanzo.

"Mimi nitarudi kwa vyungu," nikasema. Sikutaka kurudi kwa vyungu. Nilikuwa nimeipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kushika.

Mzee Okelo alizunguka meza mara mbili. Mwisho akasema, "Jumatatu bwawa iko tupu. Na Jumatatu mimi nitakuwa Migori. Kile sijaona, sijakataza. Lakini Jumamosi watu wakikuja warudi wakinung'unika, nyinyi wawili mtafunga mizigo."

Jumatatu Fundi alipanda ngazi na nyundo kubwa. Akaiinua, akaishusha bila kupiga. Akaiinua tena. Kisha akanigeukia, akanipa mpini.

"Wewe ulijua. Anza wewe."

Ilikuwa haki. Nilipiga pembe ya mdomo wa juu, pale kicheko kilipokuwa. Saruji ilikuwa ngumu, tulikuwa tumeinywesha maji vizuri mno, na ilichukua mapigo saba kabla haijaachia. Baada ya hapo alichukua nyundo, akavunja mpaka mchana, akilia waziwazi, bila kusingizia vumbi.

Kiboko mpya tulimweka mahali pengine, mwisho wa upande wa kina, ambako mtoto hafai kufika. Ngazi na mtelezo hatukuvivunja; mtelezo sasa tuliutoa kinywani mwa ngege mkubwa tuliyemfinyanga juu ya vyuma vile vile vya Kwaro, samaki ambaye hajawahi kumdhuru mtu ila kwa mfupa kooni. Uso wa kiboko Fundi alikataa kuushika. "Fanya wewe," alisema. "Mikono yangu inajua watakatifu tu." Basi niliufanya mimi, usiku na mchana nikimkumbuka yule aliyesimama mbele ya Atieno. Masikio mawili, macho, pua, na mgongo kidogo. Ngozi niliisugua kwa kokoto laini ya mtoni ambayo mama hung'arishia vyungu, mpaka ikaonekana imelowa hata ikiwa kavu. Ilikuwa kazi ndogo kwa macho. Mtu angeweza kuipita bila kujua kwamba ni kazi. Ijumaa maji yakafunguliwa, yakapanda taratibu, yakafunika nyama yote ya waya na vyuma, yakasimama chini kidogo ya macho.

Jumamosi watu walikuja. Baadhi walinung'unika, wakauliza Kwaro amekwenda wapi. Jamaa mmoja alirudi zake na watoto wake watatu wakilia, na Mzee Okelo, mlangoni pa kibanda cha chai, alitutazama mimi na Fundi kwa jicho ambalo sihitaji kulieleza. Lakini niliona jambo jingine. Watoto walioruka upande wao wa chini wakapiga mbizi wakasahau walipo, walipofika nusu ya bwawa waliinua vichwa, wakayaona yale masikio, wakageuza wenyewe. Hakuna aliyewapigia filimbi.

Min Atieno alifunga meza ya langoni kwa muda, akamshika binti yake mkono, akamleta mpaka ukingoni, akamwachia. Atieno alikuwa na kipande chake cha mkate. Mimi na Fundi tulikuwa tumechuchumaa majini, upande wa chini, tukimwangalia kutoka kimo chake. Alitembea kwa haraka akimtafuta Babu. Halafu akasimama. Akayatazama masikio, na macho yaliyokuwa juu kidogo ya maji. Alirudi nyuma hatua moja, nyingine tena, mpaka akaupata mguu wa mama yake, akajificha nyuma ya sketi, na mkono wenye mkate akauficha mgongoni.

"Rao," akasema kwa sauti ndogo.

Fundi Marwa hakujua Kiluo, zaidi ya salamu. "Amesema nini?"

"Amesema kiboko."

Alipangusa maji usoni, akakitazama kile kichwa changu cha saruji ng'ambo ya bwawa kwa muda mrefu sana, nami nikajiandaa kusikia bado.

"Imeisha," akasema.